Uzito Wangu Mabegani mwa Jirani Zangu

Wapendwa, mnaniona nimesimama bila kushika benchi. Wageni wetu kutoka Bukoba hawawezi kujua maana yake, lakini ninyi wa hapa Ijumbi mnajua. Namshukuru Mungu, na mnivumilie kidogo.

Mnaikumbuka ile mizani tunakopeleka kahawa. Kila msimu, magunia yakiisha kupimwa, wanaume tulipanda wenyewe kwa mzaha. Aliyewazidi wote alipigiwa makofi, akapewa pombe ya ndizi, lubisi wa kwanza, kibuyu kizima. Kahawa ikiwa nzito ni furaha, basi tukadhani na mwili ni vivyo hivyo. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa bingwa. Ratili mia mbili na thelathini! Mke wangu aliponifunga kamba za viatu Jumapili, niliona huo ndio ukubwa wenyewe.

Pumzi ikaanza kunikimbia. Nikienda mwisho wa kibanja changu nilipumzika njiani, nikijifanya nakagua migomba. Msicheke, wengine nanyi mmeikagua. Kisha asubuhi moja nikipalilia, kifua kikanibana, nikaanguka kati ya mibuni.

Wanaume wa hapa wakaleta machela, wakaniweka, wakatia mabega chini ya mti wa kubebea. Njia ya hospitali ya misheni ni vilima vitupu. Wabebaji huimba, mnajua, lakini siku ile hawakuimba. Nilisikia kuhema tu, halafu jirani yangu, yule yule aliyenipigia makofi kuliko wote kwenye mizani, akasema, "Waitu, wenzangu, tumteremshe kidogo. Bega langu limekwisha." Nililia humo ndani ya machela. Niliogopa kufa, ndiyo, lakini aibu ilinizidi.

Nilipopata nafuu, daktari alinipima uzito, kisha akanisimamisha ukutani akapima na urefu. Nikashangaa, maana kahawa haipimwi urefu. Akasema kwao wanatumia kilo na mita, na hesabu ya kulinganisha uzito na urefu ni ya zamani. Nilikuwa kilo mia moja na nne, urefu mita moja na sentimita sabini.

"Gawa kilo kwa mita," akasema. Ikaja sitini na moja na kidogo. "Sasa gawa tena kwa urefu ule ule." Ikaja thelathini na sita.

Akaniambia mwanamume mzima akae kati ya kumi na tisa hivi na ishirini na tano. Nikabisha. "Daktari, yupo mpagazi bandarini Kemondo, uzito wake kama wangu, naye anabeba magunia akipiga mluzi."

"Ni mrefu?"

"Ananipita kichwa kizima."

"Basi hesabu yake si yako. Tena hesabu hii haitofautishi nyama ya kazi na mafuta. Yake iko mabegani. Ya kwako iko wapi?"

Nikatazama tumbo langu.

Nikaacha lubisi. Nikapunguza ndizi sahanini, nikaongeza maharage na mboga. Nikaanza kwenda kibanjani kwa miguu yangu, polepole, mke wangu akinisubiri kwenye kila mgomba bila kunicheka. Mke wangu, asante. Daktari, asante. Ninyi mlionibeba, sina cha kuwalipa. Leo hesabu yangu imefika ishirini na saba. Bado kidogo.

Wanaume wenzangu, mkipanda kwenye mizani, ulizeni na urefu wenu. Mwili wako si gunia la kahawa, na siku ukianguka watakaoubeba ni hawa uliokaa nao hapa.

Mwezi uliopita, yule jirani yangu wa bega alishikwa na homa kali. Ameketi pale nyuma, amepona, Mungu asifiwe. Machela ilipoitwa, mimi nilifika wa kwanza. Tulipokuwa kwenye kilima alifumbua macho, akaniona nimetia bega chini ya mti wa machela.

"Ni wewe?" akauliza.

Nikamwambia, "Lala, waitu. Wewe ni mwepesi."