Mawe Yenu Yapo Ukutani

Mgeni rasmi, Daktari Teobaldo Viegas, mkuu wa utafiti wa gesi. Viongozi mlioandamana naye. Na dereva wenu, ambaye tunaona hajapewa kiti:

KARIBU

Sisi wakazi wa Vereda da Ema tunakukaribisha kwa kahawa. Usishangae kupewa nusu kikombe. Kijiji kizima kimebakiwa na ndoo mbili za maji, na hata hiyo nusu umepewa kwa kuwa wewe ni mgeni.

HISTORIA

Wataalamu wenu walitufundisha kwamba hapa palikuwa na bahari, enzi ambazo hata samaki walikuwa hawajaumbwa. Matope yakatuama tabaka juu ya tabaka, yakawa mwamba, na humo imenaswa gesi ya kuwasha taa za jimbo zima la Minas. Tuliamini bila ubishi. Bahari kukauka ni jambo tunalolielewa.

MAFANIKIO

Ni mengi. Miaka tisa iliyopita mtambo wenu ulichoronga shimo nyuma ya shule. Ulipofika mita tisini na nne, maji yaliruka hadi paani. Dona Zulmira, mkunga wetu, alitoka mbio na sufuria akipaza sauti, "Simameni hapo hapo, wanangu!"

Msimamizi wa mtambo akamjibu, "Mama, sisi hatukutumwa maji."

"Na mimi sikuzalisha watoto waje kunywa gesi!"

Mkayaziba maji kwa saruji, mkashuka mita elfu mbili, mkaenda zenu. Hongereni. Saruji ile haijavuja hata tone.

CHANGAMOTO

Mlituachia masanduku ya sampuli, yale mawe ya mviringo yenye namba yaliyotoka shimoni, mkaahidi kuyafuata wiki iliyofuata. Mchwa hawakuwa na subira hiyo, wakala masanduku. Ukuta wa kanisa la Wafalme Watatu ulipoanguka, Dona Zulmira akasema, "Mawe haya hapa, tena yamekwisha chongwa!" Tukajenga. Juzi barua yenu ilituarifu kwamba mawe hayo ndiyo ushahidi pekee wa gesi, na bila hayo hakuna mwekezaji atakayekuja. Tumesikitika mno, kama mnavyotuona.

MAOMBI

Tunalo moja tu. Rudisheni mtambo, mchoronge mita tisini na nne, kisha msimame. Maji yakitoka, tutabomoa ukuta kwa mikono yetu na kuwapangia mawe yote kwa namba zake.

Tumesikia pia mnakusudia kurudi na askari kuyachukua mawe. Basi mjue kwamba Dona Zulmira amehamishia kitanda chake kanisani, ubavuni mwa ukuta huo. Mwezi uliopita alimzika mjukuu wake, aliyekunywa maji ya dimbwi. Hili hatulisemi kwa mzaha, na yeye hatoki.

Mungu akufikishe kwako salama, akupe na usikivu.

Ni sisi,
Wakazi wa Vereda da Ema