"Msifagie": Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi Subiri Karakanani

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Subiri atakabidhi funguo za karakana ya makumbusho yetu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Ameomba sherehe iwe fupi. Amesema amechoka, na wanaomfahamu wanajua hatii chumvi.

Kwa wafanyakazi wapya: karakana ni kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja, jirani na choo cha wanaume. Humo hutengenezwa mashine za zamani za michezo zilizoundwa kwa mbao: meza za gololi zenye misumari ya shaba, farasi wanaokimbizana ukizungusha mkono wa pembeni, vibao vya kulenga shabaha. Huletwa zimelegea, zimeliwa na mchwa, au zimepigwa nyundo na mtu aliyedhani anazisaidia. Kazi ya Bi Subiri ilikuwa kuzifungua kipande kwa kipande bila kuharibu kitu, ili zitengenezwe na kufungwa upya. Ukisikia hivyo waweza kuiona kazi ndogo. Mimi ni mpaka rangi, meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa, na si kazi ndogo.

Aliingia hapa akiwa seremala wa milango na viti. Mashine yake ya kwanza aliivunja, na hajawahi kuficha. Ilikuwa meza ya gololi. Ubao wa mbele uligoma kutoka, naye akauvuta. Kumbe ulishikwa na skrubu moja iliyofichwa chini ya nembo ya karatasi. Ubao ukapasuka katikati. Siku tatu hakugusa chakula cha mchana. Tangu hapo neno lake likawa moja. Ukishika bisibisi, "Subiri." Ukiinua nyundo, "Subiri kwanza, ndugu yangu." Jina likaganda, na nadhani hata mhasibu alishasahau lile la kwenye faili.

Mashine mpya ikiletwa, aliizunguka siku nzima bila kuifungua, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa mtu asiyemwamini. Akaichora. Akapapasa kila kona kwa ncha za vidole akitafuta skrubu zilizojificha. Gundi ya zamani aliilainisha kwa kitambaa cha maji ya moto, akapitisha kisu chembamba, akangoja, akapitisha tena. Kila skrubu ilipaswa kurudi kwenye tundu lake lile lile, hivyo alizichomeka kwenye boksi lililochorwa umbo la mashine, kila moja mahali pake na namba yake. Tulimtania kwamba skrubu zake zina vitambulisho kabla ya vibarua wetu. Kwa mwendo huo alifungua mashine mia mbili na kumi na saba, na baada ya ile ya kwanza hakuvunja nyingine.

Lakini linalostahili kuandikwa hapa ni lile la mashine ya farasi sita.

Ililetwa na mwalimu mmoja mstaafu, bibi wa miaka themanini na minane. Baba yake aliichonga kwa mkono, naye alitaka aizungushe tena kabla hajafumba macho. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa ameshatangaza kwamba chumba kipya cha maonyesho kingefunguliwa baada ya mwezi mmoja, na mashine hiyo ingekaa katikati. Bi Subiri aliikagua siku mbili akakataa kuifungua. Mbao za mbele, alisema, mchwa wamezila ndani kwa ndani, zimebaki ganda. Zinyweshwe gundi nyepesi kwa miezi mitatu, zikaze, ndipo zifunguliwe.

"Mama, kwako kila kitu ni subiri," mkurugenzi alimwambia mbele yetu. "Wageni hawatasubiri."

Akamwambia achukue likizo yake. Akaleta fundi kutoka nje.

Skrubu ya tatu ilipotoka, ubao wote wa mbele ulimwagika. Farasi wakaanguka sakafuni, wawili wakavunjika miguu. Fundi alibaki ameshika bisibisi, jasho linamtiririka, na mfanyakazi wa usafi alikuwa tayari amefika na ufagio. Nilimpigia simu Bi Subiri. Nyuma ya sauti yake nilisikia cherehani ya mumewe. Nikamweleza yote. Kisha akasema:

"Msifagie."

Alifika baada ya saa moja, ndala za nyumbani miguuni. Hakumlaumu mtu. Alimvutia yule fundi kiti, akampa maji. "Kaa, baba. Hata mimi nimewahi kuvunja." Kisha akapiga magoti, akaanza kuokota kwa kibano. Aliokota siku tatu. Vipande vilikuwa mia moja arobaini na kimoja, vingine vidogo kama punje ya mchele.

Siku ya pili mkurugenzi alikuja akasimama mlangoni. "Nisamehe, mama."

Bi Subiri hakuinua kichwa. "Nishikie taa hapo."

Akamshikia, akiwa ndani ya suti yake, dakika arobaini.

Kuvirudisha vipande vyote kulichukua miezi saba, na magoti yake hayajawa yale tena. Ngazi za mbele anazipanda kiubavu. Chumba kilifunguliwa kwa kuchelewa, na wageni walisubiri. Yule mwalimu aliletwa na mjukuu wake, akauzungusha ule mkono wa mashine kwa mikono miwili. Farasi wa nne, aliyempaka rangi yeye mwenyewe utotoni, akawa wa mwisho. Bibi alicheka mpaka akatoa leso. "Huyu mvivu hajawahi kushinda hata siku moja!"

Bi Subiri hakuyaona hayo. Nilitumwa nikamwite kwa ajili ya hotuba, nikamkuta karakanani amelala kitini, viatu amevivua, mdomo wazi kidogo. Nikafunga mlango taratibu, nikarudi kusema sijamwona. Leo nakiri.

Tangu hapo amefanya kazi kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Macho yamepungua, mkono wa kulia unatetemeka. Mwezi wa nne aliweka bisibisi mezani katikati ya kazi, akautazama mkono wake, akasema, "Basi." Nasi tunaobaki tumechoka pia, tusidanganyane, nafasi yake ilitangazwa mara mbili na hakuna aliyefaa. Mwishowe amepatikana mtu. Ni yule fundi wa nje, ambaye tangu siku ile amekuwa akija kila Alhamisi kuketi kando ya Bi Subiri na kutazama mikono yake. Barua yake ilitoka wiki iliyopita. Ameachiwa madaftari kumi na moja ya michoro, na amri ya kutoyakopesha kwa mpaka rangi, ambaye eti vidole vyake vichafu.

Tunamshukuru shemeji yetu fundi cherehani, aliyetuazima mke miaka yote hii. Anatuambia kwamba nyumbani kwa seremala huyu mlango wa jikoni una bawaba moja tu, na mwaka wa tisa huu unainuliwa kwa mguu ili ufungike.

Bi Subiri, asante, dada yetu. Magoti yako yapone, na usingizi wako usiwe na mtu wa kuugongea mlango. Tunakuombea siku nyingi na nyepesi. Na huo mlango wa jikoni usiuguse: mwite fundi, wewe ukae, unywe chai, yeye ahangaike.