Dakika Moja Mlangoni mwa Gari

Onga mshi, ndugu zangu! Leo mnivumilie, maana furaha imenijaa hadi kooni, nikikaa kimya nitapasuka.

Wengi mnazikumbuka mvua zile zilizoporomosha mlima kule kwetu Mgwashi. Udongo ulifunika bustani yangu yote ya kabichi na karoti, ukakata na barabara. Zikabaki plamsi, yale matunda yetu mekundu ya mlimani, lakini gari la kuzibeba halikuja, zikaoza chini ya miti. Na mume wangu nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia. Nawaambia kweli, nilijifungia ndani. Hata hapa kwenye kikundi chetu cha kusaidiana mkawa hamnioni.

Aliyenitoa kitandani ni wifi yangu. Msimu uliofuata alikuja na sufuria kubwa, akasema, "Amka, tupike jamu ya plamsi." Tukapika. Jamu nyekundu, inang'aa! Nikaanza kuzunguka Lushoto mjini, nikapanda hadi Magamba, hoteli baada ya hoteli. Kila meneja nilimsimulia yote: mazishi, mvua, mlima, watoto. Walinionea huruma sana. Mmoja alinipa chai na maandazi. Lakini jamu? Hakuna aliyenunua.

Wifi akaniuliza, "Kwani huwa unawaambia nini?"

Nikamrudia hadithi nzima. Akacheka, jamani! "Wifi, wewe unawapelekea msiba. Wenzio wanawaza wageni wao watakula nini asubuhi."

Safari iliyofuata nilimkuta mwenye hoteli moja ya Magamba, mama mtu mzima, anaingia kwenye gari.

"Shikamoo mama. Naomba nikusemeshe kidogo."

"Marahaba. Nina dakika moja tu, nawahi Tanga."

Nikafungua chupa, nikampa kijiko. "Mama, wageni wako wanalala kwenye milima ya matunda, asubuhi wanawekewa mezani jamu ya kopo iliyotoka mbali. Hii ni ya plamsi za Mgwashi. Onja."

Nikanyamaza. Ndugu zangu, kunyamaza kule kulikuwa kazi kuliko kusema! Habari za marehemu zilishafika kwenye ulimi, nikazimeza.

Akaonja. Akaonja tena. Akamwambia dereva, "Hebu zima gari." Kisha akanigeukia: "Unaweza kuniletea kila Ijumaa?"

"Naweza!" Nimeshajibu, na wala sijui nitapikia wapi! Nilishuka mlima mbio, nacheka peke yangu, watu wakanipisha njia.

Nikaja kwenu. Muda wote ule nilikuwa nimewakimbia, na hakuna aliyenisema. Mlileta masufuria, mkaleta kuni, mkakunja mikono ya nguo. Ahsanteni sana! Na wewe wifi, Mungu akuzidishie. Sasa hata hoteli ya pili imetuita.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu unayemwomba akusikilize naye ana haja yake. Anzia hapo, sema kwa ufupi, halafu mwachie nafasi ajibu. Huzuni yako usiitupe. Ilete hapa, kwa watu wako. Sisi hatuna haraka ya kwenda Tanga.