Neno la Kumuaga Mjumbe Aliyekuja Kututambua

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mchungaji na Sheikh mlioketi pamoja meza kuu. Ndugu Mjumbe wa shirika, mgeni wetu unayeondoka kesho. Ndugu Rwekaza, mtoto wa hapa Kamachumu unayeishi Ulaya. Wazee wetu, akina mama na majirani wote: kila mmoja kwa heshima yake, nawasalimu.

Ndugu Mjumbe, ulikuja kutuuliza kama sisi ni watu wa asili, ili shirika lako litusemee kwenye mikutano ya mataifa. Tulikupokea kwa moyo mmoja, kwa sababu shida tunayo. Rweya yetu, ule uwanda tunakolisha ng'ombe na kukata nyasi za kufunikia migomba, inatakiwa na mwekezaji wa miti. Ndugu Rwekaza alitueleza kwamba watu wakishatambuliwa na dunia, ardhi yao hainyang'anywi kirahisi. Hakukosea kuogopa, na hilo nalisema mbele yake.

Lakini jamani, kutambuliwa gani kule? Tulijengewa msonge wa nyasi ambao hakuna anayelala ndani yake, tukapangwa mbele yake, tukaambiwa nyumba zetu za bati zisionekane kwenye picha. Mzee Kahangwa, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika maisha yake yote, alivuliwa koti akavishwa lubugo, vazi la magome ya mti. Ukamuuliza ukoo wake umeingiaje hapa. Akajibu kwa Kihaya, "Waitu, babu alitoka Kanazi akimfuata mwanamke." Ndugu Rwekaza akamnong'oneza mkalimani asilitafsiri hilo. Mkalimani nilikuwa mimi, Kokuberwa, mwalimu mstaafu. Nililitafsiri.

Kisha kikaitishwa kikao cha kuamua mwenyeji wa asili ni nani. Ukoo huu ukasema, sisi tulikuta msitu. Ukoo ule ukasema, mlitukuta sisi. Serikali nayo inasema Watanzania wote ni wenyeji. Watu waliozikana na kuozana miaka yote wakaanza kupimana kwa mababu, na mwishowe vidole vyote vikaelekea nyumba moja, ya Mwalimu Mwajuma, kwa kuwa baba wa mama yake alitoka pwani. Je, mama huyo, Bi Ashura, hakuzaliwa hapa? Hakuolewa hapa, akalima kibanja kile, shamba la migomba la nyumbani kwake, mpaka mgongo ukapinda?

Wiki iliyopita Bi Ashura akafariki. Tungali tunalia, simu ya Ndugu Rwekaza ikaingia. Nilikuwa mkekani na Mwajuma, nikasikia kila neno.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Lakini naomba mama azikwe makaburi ya mjini Bukoba. Akizikwa kibanjani, mjumbe atauliza, na ombi letu litaingia doa."

Mwajuma akauliza, "Mama yangu ndiye doa?"

"Usinielewe vibaya. Ni kwa ajili ya rweya. Ni kwa faida ya wote."

"Na mimi simo katika hao wote?"

Ndugu Rwekaza akakata simu. Halafu Mwajuma huyu, ambaye hakuwahi kumwogopa mkaguzi yeyote wa elimu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumtafutia gari la kumpeleka mama mjini. Ndugu zangu, nimechoshwa na mambo mengi katika umri huu, lakini swali lile lilinimaliza. Nilitoka nje.

Nje nilimkuta Mzee Kahangwa ameshika jembe, na vijana wa kwaya ya Kilutheri nyuma yake.

"Wapi?" akaniuliza.

"Kando ya mumewe," nikasema.

Hakuuliza tena. Wakaanza kuchimba. Aliyeshuka wa kwanza shimoni alikuwa Projestus, mdogo wake Rwekaza, tumbo moja. Sheikh akamswalia, Mchungaji akasimama nasi mpaka udongo wa mwisho, na Bi Ashura amelala kibanjani kwake.

Ndugu Mjumbe, jana ulitaka jibu letu. Kijiji kilikaa, na jibu ni hili: ukiweza kutuandika sote kama tulivyo, na mabati yetu, na misikiti yetu, na mababu zetu waliofuata wanawake, tuandike. Ukishindwa, safari njema, hatuna kinyongo nawe. Kwa nini tuilinde ardhi kwa kumfukuza aliyelala ndani yake?

Rweya tutaipigania. Jumatatu tunakwenda Muleba, ofisi ya wilaya. Kikao kimemchagua Mwajuma atuongoze. Alikataa, akasema bado yuko kwenye msiba. Jana jioni akakubali.

Na sasa wewe, Ndugu Rwekaza. Usiinamishe kichwa, nakusemesha kama mwanangu, kwa kuwa mama yako aliniita dada. Unajua sheria za ardhi kuliko sisi sote, na tunasikia ndege yako ni Jumapili. Iahirishe. Uende nasi Muleba, ukae upande wa Mwajuma, umsaidie kusema. Mimi nisingekuomba, hasira yangu bado haijapoa. Ni yeye aliyesema nikuombe.

Kwa kunipa masikio yenu mpaka hapa, nawashukuru nyote.