Ida Aliwajibia Wanane

Benchi letu ni ubao mmoja wa mninga uliopigiliwa juu ya magogo mawili, kwenye kona ya nyuma ya soko, mahali ambapo jua la Juni hufika mapema kuliko kwingine mjini Songea. Wenye baridi hulifuata jua, na muuza kahawa huwafuata wenye baridi. Ndivyo Kassimu alivyoliweka birika lake pale, nasi tukazoea. Mzee Eusebi, aliyetunza mafaili ya serikali kwa miaka thelathini, tunamwita Takwimu. Majaliwa wa bodaboda tunamwita Breki, si kwa sababu ya pikipiki, bali kwa kile ambacho ulimi wake haukujaliwa. Asubuhi hiyo, yapata saa mbili, alifika Kajetani seremala, daftari kubwa la kaunta likiwa kwapani. Alitoa shikamoo moja kwa Mzee Eusebi, sisi wengine akatupita kama magogo, akasema kwamba mkewe Ida, muuguzi wa wodi ya watoto, leo ni siku ya tatu hajainuka kitandani, naye amekuja kuandikiwa barua ya kumshtaki mkuu wa wodi.

Takwimu hakuuliza jambo la pili. Alitoa kalamu mfukoni, akakunja karatasi kwa ukucha ili mstari wa pembeni uonekane, akaandika tarehe.

— Kumbukumbu namba tutaiacha wazi, — alisema. — Sasa yahusu. Yahusu nini, mwanangu?

— Yahusu kwamba wamemmaliza mke wangu angali anapumua.

— Hiyo haiingii kwenye yahusu. Yahusu ina maneno manne, yakizidi sana matano.

Kajetani alieleza, na alieleza kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo peke yake njia nzima. Miezi miwili iliyopita wauguzi wa wodi ile waliletewa masomo ya kwenye simu, masomo sita, ya kuzuia sonona kabla haijamkamata mtu. Hayakuwa masomo mabaya. Hilo alilikiri mwenyewe, ingawa kwa shingo upande. Yalimfundisha Ida kulidaka wazo baya linapoingia, kuliandika, kulidai ushahidi kama hakimu anavyomdai shahidi, kisha kuandika wazo jingine lenye haki zaidi. Mshauri aliyekuwa mbali alisoma na kujibu. Wiki ya kwanza Ida aliandika kuhusu mtoto wa kitanda cha tisa, aliyefariki mikononi mwake. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyemuua. Akatafuta ushahidi, akakuta kwamba damu ilikuwa imeagizwa mara tatu na haikuja. Usiku ule alilala hadi jogoo, na asubuhi akaimba jikoni.

— Aliimba, — Kajetani alirudia. — Mwaka mzima nilikuwa sijamsikia.

— Basi dawa ilimkubali, — alisema Kassimu akimmiminia kikombe. — Mvumilivu hula mbivu.

— Kassimu, mimina kahawa. Methali zako baki nazo.

Kilichoharibu mambo, kwa maelezo yake, kilianzia ofisini. Mkuu wa wodi alitangaza kwamba taarifa inatakiwa mwisho wa mwezi, na wauguzi wote wanane wawe wamemaliza masomo yote sita. Asiyemaliza ataandika barua ya kujieleza. Sasa wodi ile ina vitanda arobaini, na zamu ya usiku ina wauguzi wawili. Watatu kati ya wanane wana simu za tochi. Mmoja ananyonyesha. Mmoja anauguliwa na mama yake huko Namtumbo. Na wauguzi wana desturi yao ya miaka mingi, desturi njema iliyookoa ndoa za watu na maziko ya watu: kushikiana. Nishikie zamu, nami nitakushikia. Nisainie, nachelewa kwa nusu saa. Hakuna muuguzi anayekataa, kwa kuwa kesho ni yeye. Basi walimwendea Ida, aliyeielewa simu kuliko wote, wakamwambia: dada, tushikie na hili.

— Akawashikia? — aliuliza Breki.

— Wote saba. Na nafsi yake wa nane.

Takwimu aliinua kalamu. Alisema hapo pana kosa la kughushi kumbukumbu, na barua ikienda hivyo itamrudia Ida mwenyewe. Kajetani akamjibu kwamba Ida hakughushi kitu, na hilo ndilo balaa. Simu ilitaka mawazo mabaya ya kila mtu. Mwingine angebuni. Ida ni mtu wa kufanya kazi kwa ukamilifu. Hawezi kuandika joto la mgonjwa ambaye hakumpima. Kila zamu alikaa na mwenzake mmoja, akamuuliza: dada, wewe linalokula moyo ni nini? Na wakamwambia. Yule anayenyonyesha, yule wa Namtumbo, kaka Rupert anayecheka kutwa. Akaandika kwanza kwenye daftari hili, kisha akaingiza kwenye simu akifika nyumbani.

Alilifungua daftari, akasoma kwa sauti ya chini, bila kutaja jina la mtu.

— “Wazo: nikifika lango la hospitali naomba gari linigonge kidogo tu, nivunjike mguu, nilazwe. Ushahidi.” Hapo pameachwa wazi. Huyu mwingine: “Wazo: nimesahau sura za waliokufa, nimekuwa jiwe.” Wako saba hivi, mlongo, ndugu yangu. Wiki sita. Wanampa, wanapata nafuu, wanakwenda kulala. Yeye anakuja nayo kwangu.

Kisha, kama kawaida ya benchi letu lisilovumilia kimya, nadharia zikaanza.

Breki alidai chanzo ni simu zenyewe. Simu moja ina mawimbi ya mtu mmoja. Ukiingia kwa majina manane, mawimbi manane yanapita sikio moja, na ubongo si njia nne. Alimtaja jamaa wa stendi aliyekuwa na laini tano na sasa anaongea na nguzo za umeme. Kassimu alimsahihisha: si mawimbi, ni mashine. Mashine ile kazi yake ni kuwatoa watu huzuni, na kitu kikitolewa sharti kimwagwe mahali. Ikiwa wote wameingilia mlango mmoja, itamwagwa mlangoni. Takwimu, ambaye hakupenda kushindwa na muuza kahawa, alisema yote hayo ni hesabu tu. Huko makao makuu kuna jedwali, na jedwali lina safu ya huzuni, na huzuni ya watu wanane ikiandikwa kwa mwandiko mmoja hujumlishwa kwa mtu mmoja.

— Haba na haba, — alisema kwa fahari, — hujaza kibaba.

— Mimi nasema wanaiuza, — Breki alirukia. — Wazungu hawakusanyi kitu bure. Wanakusanya huzuni ya manesi wetu, wanaikausha, wanaisaga, inarudi huku vidonge. Ndiyo maana vile vidonge vichungu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Kisima gani? — Kajetani aliuliza.

— Nasema tu. Kisima.

— Nimekuuliza kisima gani, Majaliwa.

Kajetani alikuwa amesimama. Alisema amechoka kusikiliza watu wanaofanya ugonjwa wa mkewe kuwa karanga za kutafunia kahawa. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne katikati ya daftari, akaitandika juu ya ubao. Kilikuwa cheti, chenye nembo na rangi ya kijani, kikiitangaza wodi ya watoto kuwa ya kwanza kukamilisha masomo, wauguzi wanane kwa wanane. Jana alikwenda nacho hospitali. Mkuu wa wodi alimkaribisha vizuri, akamfungulia kompyuta, akamwonyesha. Wengine saba waliingia wakiwa na huzuni nyingi na wametoka na chache. Lakini mmoja alipona mapema kuliko wote na ametoka mzima, hana hata alama moja ya kutiliwa shaka.

— Huyo ni nani? — nilimuuliza.

— Ida. Fomu yake alikuwa anaijaza mwisho, baada ya za wenzake, saa ambayo macho hayaoni. Tangu somo la tatu alibonyeza “sijambo” mpaka chini. Mkuu ananiambia, mzee Kajetani, mfumo unaonyesha mkeo hana tatizo. Labda ni malaria. Mtu hajala siku tatu, kageukia ukutani, haniiti hata jina langu, naambiwa mfumo.

Hasira yake ikatugeukia, maana sisi ndio tuliokuwa karibu. Alituuliza kama tunajua ni watoto wangapi wa mtaa huu waliowahi kuchomwa sindano na Ida. Alimuuliza Kassimu ni nani aliyekesha na mwanawe mwaka juzi, dripu ikiwa imetundikwa kwenye msumari.

— Basi andika, Mzee. Andika kwamba badala ya kumwongezea wenzake wa zamu, wamemwongezea masomo. Somo lilikuwa zuri. Walilichukua wakalifanya rejista. Andika hivyo.

Hilo lilimpendeza Takwimu, naye aliandika, akafuta, akaandika tena. Ukazuka ubishi mpya: je, iandikwe “wamemsababishia” au “wamemchangia”? Breki alitaka “wamemtwisha”. Takwimu alisema kutwisha si neno la barua rasmi. Mimi nami, nakiri, nilitetea “wamemsababishia”, nikatoa na sababu zangu mbili. Kajetani alitaka nakala mbili, moja ya katibu wa hospitali, ambaye hupokea watu saa tano, na moja ya mkoa. Alitutaka tumsindikize sote, tusimame nyuma yake tuonekane wengi. Tulikubali. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulilegea kidogo.

Wakati huo alikuwa ameketi mtu mgeni mwishoni mwa ubao, kanzu yake imekunjamana, viatu vimeshika vumbi jekundu. Alijitambulisha kwa Kassimu kuwa anaitwa Muhsini, ametoka upande wa Tunduru kumleta mama yake, na tangu juzi analala sakafuni wodini. Alikunywa kahawa haraka haraka. Alisema dada yake ndiye aliyeketi kitandani kwa mama sasa, maana kwao mgonjwa haachwi mpaka wa pili ashike nafasi, na dada naye hajanywa chai. Alikuwa amesikia sehemu kubwa ya maneno yetu. Alimgeukia Kajetani kwa adabu.

— Pole sana, ndugu yangu. Allah amjalie shifaa. Na sasa hivi, mama watoto umemwachia nani?

Kajetani alirudisha daftari kwapani.

— Watoto wako shule, — alisema.

— Sikuuliza watoto, ndugu yangu. Nani yuko naye?

Takwimu aliacha kuandika. Nilimtazama Kassimu, Kassimu akamtazama Breki. Nyumba ya Kajetani iko Bombambili. Sote tunaijua, sote tumekula pale. Jirani yake wa kushoto amekwenda shamba kuvuna mahindi. Wa kulia ni mpangaji mpya. Kati yetu hakuna aliyekuwa amesema, hebu mke wangu aende akamkalie.

— Nani yuko naye, Kaje? — Breki aliuliza, safari hii polepole.

Breki alikuwa tayari ameikanyaga pikipiki, na Kajetani akapanda bila kuvaa viatu vyake sawasawa. Walipokata kona hatukuwapungia mkono. Muhsini aliweka kikombe chini, akasema anarudi kwa mama.

Ilikuwa saa nne na nusu. Kajetani alikuwa ametoka nyumbani saa moja, Ida akabaki peke yake.