Mama Kuku Anatuachia Skrini Zake

Mji huu unakunywa maji kwa sababu mimi nipo. Nalisema mapema ili msomaji ajue anayeandika ni nani, kisha nimpishe mwenye siku yake. Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu tunayemwita Mama Kuku anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kusanifu skrini ambazo sisi wa chumba cha mitambo tunafanyia kazi na wanagenzi wetu wanajifunzia. Ofisi ya utumishi ilitaka wasifu wake uandikwe na msomi. Wasomi wote walikuwa na udhuru, nikaletewa karatasi mimi, mkuu wa zamu, ambaye darasani nilikaa muda wa kutosha kujua kusoma na kutojua kunyamaza.

Alipoajiriwa hakuletwa kusanifu chochote. Aliletwa kupiga chapa barua za meneja. Wakati huo tulikuwa ndiyo kwanza tumeachana na magurudumu ya koki, yale ya kuzungusha kwa nguvu, ambayo mimi niliyazungusha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kikombe cha chai, na mashahidi wapo ingawa wengi wamehama. Zikaletwa kompyuta. Skrini yenyewe ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na kitufe cha kuwasha pampu kimelala ubavuni mwa kitufe cha kuizima kama mapacha kitanda kimoja. Tukabandika plasta juu ya kioo na kuandika kwa kalamu: hapa gusa, hapa usiguse, hapa muulize Mjomba. Mjomba ni mimi. Nilikuwa naulizwa, na mimi najibu kwa kubahatisha lakini kwa sauti nzito.

Mpiga chapa alikuja siku moja kuleta barua akaziona zile plasta. Kesho yake akarudi na ndoo tupu, akaipindua nyuma ya kiti changu, akaikalia zamu nzima, penseli mkononi, bila neno. Siku ya pili vilevile. Nikajiambia, mwanamume, umependwa. Siku ya tatu nikaja na shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe, na marashi ya kutosha harusi mbili. Akapiga chafya, akaendelea kuandika. Kumbe kazi yake ilikuwa kuhesabu ni mara ngapi ninakuna kichwa kabla ya kugusa kitufe. Hesabu ile ilifika kwa meneja, ikafika na nyumbani kwangu sijui kwa njia gani, na mpaka leo nikichelewa kurudi mke wangu huuliza kama kuna mtu amekalia ndoo.

Huo ndio ukawa utaratibu wake. Hakumuuliza mtu anataka skrini ya namna gani. "Mkiulizwa mnataka vyote," alisema, "mkitazamwa mnahitaji vitatu." Alikaa, akatazama, akaenda kuchora kwenye karatasi, akarudi na karatasi akaibandika kwenye kioo na kukuambia ujifanye unafanya kazi. Ukisita tu mahali, karatasi inachanwa. Aliyesita hakulaumiwa hata siku moja. Lawama yote ilikwenda kwa karatasi. Mimi nilichanisha karatasi nyingi kuliko mtu yeyote katika idara hii, rekodi ambayo haijavunjwa.

Hivyo kila mtu akapata skrini inayomkaa kama nguo ya fundi. Mwenzetu anayetumia mkono wa kushoto alihamishiwa vitufe vyote upande wake, na akaacha kuziba kioo kwa kiwiko chake mwenyewe. Dada anayepima dawa ya maji, ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, alichorewa maumbo: duara, pampu inakwenda, mraba, imesimama. Kabla ya hapo alikuwa anatoka nje kwenda kusikiliza pampu kwa sikio. Mimi nilipewa herufi kubwa. Wenzangu walipouliza kwa nini zangu ni kubwa hivyo, niliwaeleza kwamba ukubwa wa herufi unafuata cheo. Wawili walikwenda kwa Mama Kuku kuomba wapandishwe. Akawauliza, "Na nyinyi hamtaki kuvaa miwani?"

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ni ile iliyompa jina. Zamani wanagenzi walijifunzia kwenye skrini ya kweli, mwalimu kasimama pembeni na rula. Walichojifunza ni woga. Mama Kuku akatengeneza skrini ya mazoezi, inayofanana na ya kweli kila kitu, ambapo unaweza kuufurikisha mji mzima na asilowe hata sisimizi. Tatizo likawa moja: zikifanana sana, mtu atajuaje yuko wapi? Mwalimu akapendekeza liandikwe neno MAZOEZI juu. Likaandikwa, na baada ya wiki hakuna aliyeliona tena. Ndipo akamchora kuku, mnene, mwekundu, anayetembea polepole chini ya skrini ya mazoezi kutoka upande huu kwenda ule. Maandishi mtu huyazoea, alisema, lakini kuku ndani ya chumba cha mitambo hazoeleki. Na sheria yake kila mwanagenzi anaijua kabla ya kujua choo kiko wapi: penye kuku, chakura, pasipo kuku, tulia.

Mwaka huu tulipata mkurugenzi mpya, mtu safi, mwenye kupenda vitu vilivyonyooka. Akapita chumbani kwetu, akaona skrini ya herufi kubwa, ya maumbo, ya mkono wa kushoto, kisha akamwona kuku akipita. Akasema, "Hapa ni kazini, si bandani." Ikaamriwa skrini zote ziwe za namna moja, rangi ya majivu, zipendeze mbele ya wajumbe wa bodi watakaotutembelea.

Wengi hamjui yaliyosemwa katika kikao kilichofuata amri hiyo, na mimi nilikuwemo kwa sababu kikao bila mimi hakitoshi. Mama Kuku aliambiwa aseme anataka zawadi gani ya kuagwa, saa ya ukutani au seti ya viti. Akasema hataki saa wala viti. "Ondoeni vingine vyote, bwana mkurugenzi, watu watalalamika mpaka wachoke. Kuku mwacheni. Mkimtoa, iko siku mtu atafungua koki ya kweli akidhani anacheza, na mimi sitakuwepo." Mkurugenzi akajibu kwa upole kwamba wafanyakazi ni watu wazima na neno Mazoezi lipo pale juu. Nilimwona Mama Kuku akikusanya karatasi zake. Amekataliwa mambo mengi humu ndani akacheka, lakini siku ile hakucheka, na alipofika mlangoni alisukuma mlango wa kuvuta.

Ikaja siku ya wajumbe. Alitakiwa mfanyakazi mzoefu wa kuwaonyesha jinsi mwanagenzi anavyojifunza kumwaga tangi kwa ajili ya kulisafisha. Nilijitolea kabla sentensi haijaisha. Nilivaa tai. Mezani kompyuta mbili, bega kwa bega, moja ya mazoezi na moja ya kazi, zote rangi ya majivu, herufi kama siafu wanahama. Nikakaa, nikakunja mikono ya shati, nikawaambia wageni wasogee wajionee. Nikabofya kwa kidole kimoja, huku nawatazama wao na siyo skrini, kama wafanyavyo mabingwa.

Baada ya muda kidogo ukasikika mngurumo huko nje, wa maji mengi yenye haraka. Nikawaambia wageni, "Sikilizeni, safari hii wameweka hata sauti." Mjumbe mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa naendelea kuisifia ile sauti, jinsi ilivyo kama ya kweli kabisa, mlinzi wa geti alipoingia, suruali imelowa hadi magotini, viatu mkononi. "Jamani," akasema, "nani anaosha barabara?"

Mama Kuku alinyoosha mkono juu ya bega langu, akafunga koki kwa mguso mmoja. Kisha akasema, "Mjomba, toka kwenye kiti," kwa sauti ambayo mama humwambia mtoto atoke kwenye matope. Magari ya wajumbe yalikuwa yamesimama majini kama bata. Mitaa yote ya bondeni ilikaa bila maji mpaka jioni, na katika mitaa hiyo anaishi mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameshajipaka sabuni. Hajanisalimia tangu siku hiyo, na mimi nikimwamkia anauitikia ukuta.

Mkurugenzi alizitazama zile kompyuta mbili kwa muda mrefu, akiinama, akisogea, akirudi nyuma. Kwa heshima yake niseme hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, ingechukua muda gani kumrudisha kuku. Mama Kuku akasema, "Yupo. Sikumfuta, nilimfunika." Akagusa mahali, na kuku akatokea akitembea zake mbele ya bodi nzima. Jioni ile ile dada wa dawa alirudishiwa maumbo yake, na mimi herufi za cheo changu.

Tangu siku hiyo ameacha kutupangia. Sasa anatukalisha mmoja mmoja na kutufundisha kujipangia wenyewe, kukuza, kuhamisha, kuficha, ili asiachwe mtu anayengoja mtu. Ndoo ameikalia tena, safari hii mikono ameifumbata kifuani ili isimtangulie. Kwangu mimi ilibidi aikalie mikono yenyewe.

Anarudi nyumbani kwa mumewe, fundi viatu, ambaye tayari ameficha sindano na nyundo zake kwa kuwa amesikia mkewe ana mawazo kuhusu mpangilio wa meza. Kuku wa kweli anasema hatafuga, amechoka kuulizwa.

Kwa niaba ya chumba cha mitambo, ya wanagenzi waliochakura bila woga, na ya mji unaokunywa bila kujua, tunakushukuru, Mama Kuku. Upate afya, wajukuu wakusikilize, na usikutane tena na kitufe kinachokaa mahali pasipo pake.

Limebaki moja. Tangu siku ya wajumbe watu wananipa mkono, wanasema nilimwaga tangi makusudi ili kumwokoa kuku wako, na mimi nimekuwa nikiinamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Hata mkurugenzi anaamini hivyo. Sikukusudia kitu. Nilipokaa kwenye kile kiti nilimtafuta kuku kwenye skrini ya kwanza, nikamtafuta kwenye ya pili, nikamkosa. Neno la juu sikuliona, lilikuwa dogo. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia unavyopumua. Ningegeuka tu nikakuuliza ipi ni ipi. Wageni walikuwa wananitazama, na nilikuwa nimevaa tai. Nikaona haya.