Arobaini Yangu Mumeshaikula

Sogeeni karibu, wadogo zangu, na wewe baba mudogo Hemedi vuta kiti chako utoke mulangoni, maana sauti yangu leo ni ya kupimwa kwa kijiko na sitaki mutu aseme kesho eti hakusikia. Najua munachowaza: wosia ni kazi ya muzee mwenye mvi, mwenye ng'ombe na viwanja, na huyu Yakubu hana hata unywele mumoja mweupe. Lakini ukubwa ni jalala, na tangu papa na mama watangulie, jalala la nyumba hii ya Majengo ni mimi; kila takataka mulinitupia na sikunuka. Kwa hiyo leo muzee ni mimi. Ridhwani, usicheke, nimekuona. Asiyesikia la mukuu huvunjika guu, na wewe miguu njo mutaji wako.

Ramla, docta wetu, acha mukono wangu kwanza. Tangu asubuhi umekishika kifundo hiki unakibonyeza-bonyeza kama mama wa soko anayechagua nyanya. Damu inapita au haipiti, wewe na mimi tunajua inakoelekea. Figo zangu zimechoka. Walinitibu malaria, wakanitibu tumbo, wakanitibu uchovu, madaktari wazuri, watu wa heshima, kila mumoja akigusa pale alipofundishwa kugusa, na tulipomutafuta mutu aliyesomea figo peke yake tulizunguka hadi pumzi ikaniishia. Sisemi ni kosa la mutu. Nasema tulifika penye mulango tukamukosa mwenye ufunguo. Sasa wewe mwenyewe umeitwa kuuchukua: konkuri, ule mutihani wa kuingia, umepita, profesa wa Kinshasa amekubali kukupokea kwenye servisi yake ya figo, na usipoonekana pale Jumatatu nafasi anapewa anayekufuata. Na kufika Kinshasa siku hizi ni kuzunguka kwanza kwa nchi za majirani ndipo uingie kwako, na bariyeri ya mupaka inafungwa jioni, haimungojei mutu. Havugimana mwenye pikipiki ameshafunga valizi yako kwenye moto yake. Munasikia inavyonguruma nje? Na wewe umekaa hapa unachagua nyanya!

Musinione mujinga aliyeshindwa na shule. Shule ilishindwa na mimi. Niliiacha nikashika chukudu, baiskeli yetu ya mbao, na muulizeni mutu yeyote kutoka Kibumba hadi soko la Virunga: nani alishuka na makabichi yaliyomupita kichwa, mvua inapiga, na hakuangusha hata jani? Yakubu. Nani mwingine? Hayupo. Nami pia nilisomea spesialite, docta. Ule muteremuko hapewi mutu siku ya kwanza. Unaanza kwa kusukuma nyuma ya muzigo wa mwenzako ukila vumbi lake, kisha unapewa barabara iliyolala, kisha unafika Kibati ambako mwenye chukudu anakutukana mbele ya wauza maziwa, na ukilia anakutukana upya. Halafu asubuhi moja anakwambia tu, shuka. Wewe ulinieleza ya kwenu, sikusahau. Hapa tayari ni docta, wamama wanasimama njiani kukusalimia. Kule utarudi kuwa mwanafunzi, asistanti, gardi juu ya gardi, zamu za usiku zisizoisha, profesa anapita kitanda kwa kitanda anakuuliza mbele ya mugonjwa na ukikosa wenzako wanacheka, mwaka unaingia mwaka unatoka, hadi uandike kitabu chako na ukisimamie mbele ya maprofesa wakikuchana. Hiyo njo inakuogopesha, dada yangu. Mimi ni kisingizio tu, tena kisingizio kizuri, chenye sura. Wakucheke! Muzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ni wako, na utaushusha.

Baba mudogo, kiti bado kiko mulangoni.

Nilipoacha shule uliniita punda wa mbao mbele ya watu wa musikiti, na jina hilo lilinifuata barabara nzima. Nimekusamehe nusu. Nusu ingine utaipata Ramla akivuka. Najua chumba ulichojenga pembeni ya duka lako, na kibao umeshakipaka rangi: Docta Ramla, Magonjwa Yote. Magonjwa yote! Docta au duka la Birere linalouza kila kitu? Na ili asitoke, umeshika desturi ya wazee wetu wa Kasongo kama fimbo: mutoto wa nyumba havuki bariyeri, kaka yuko kwenye mukeka wa mwisho, hadi azikwe na arobaini yake isomwe. Desturi naiheshimu. Kwa hiyo nimeitimiza.

Ijumaa niliagiza mbuzi achinjwe, majirani wakaja, mukasoma, mukaitikia amina, mukala wali. Nyinyi wenyewe mulisema ni dua ya mugonjwa. Mimi nilisema nini? Nilisema, "Someni, mule, munikumbuke." Ile ilikuwa arobaini yangu.

"Arobaini ya mutu muzima? Astaghfirullahi, Yakubu! Kitu hicho hakipo!"

Hakipo, baba mudogo, na ulikitafuna. Mbavu ulichagua wewe, muchuzi uliongeza wewe, na vidole ulivilamba hapo hapo ulipokaa. Mutu akishakula arobaini ya marehemu hawezi kumudai marehemu arobaini ingine. Ukitaka kuirudisha, tapika, Ridhwani akuletee beseni. Kuna mutu hapa ambaye hakula? Basi imesomwa, imeisha, na mutoto wa nyumba yuko huru. Ondoa kiti. Unamuzibia njia. Sina nguvu ya kusema mara ingine... ondoa kiti, baba yangu. Nakuomba sasa, sikutanii.

Ah. Nasikia miguu ya kiti ikikwaruza. Mungu akulipe. Ile nusu nakupa mapema.

Ridhwani, maji kidogo. Lowesha midomo tu, kunywa siruhusiwi, docta atapiga kelele. Chukudu ni yako, tangu niugue unaishika wewe. Usimwazime mulevi, na mupira wa breki uubadilishe kabla haujaisha, si baada. Walioungoja uishe tuliwaokota Kibati. Nyumba ni yenu wawili na chumba cha Ramla kisipangishwe hata mukikosa unga, maana atarudi, na kibao chake, baba mudogo, usikichome: futa hayo magonjwa yote, andika figo. Mukinizika musinicheleweshe, ila wachimbaji muwape chai kwanza, mawe yetu haya ya volkano hayachimbwi na tumbo tupu. Na asipigiwe simu. Munasikia? Hadi akae mbele ya profesa wake. Ramla, nawe usipige. Ukipiga nitakuwa nimelala, njo watakachokujibu, na ukiuliza nimelala vipi hawatakujibu.

Oni hiyo inayopigwa nje ni ya Havugimana. Anatukana sasa, namujua.

Simama, Ramla. Mungu akufungulie kila bariyeri, hii ya hapa na ile ya maprofesa. Mikono yako iwe baridi kwa mwenye homa, iwe moto kwa mwenye baridi. Wakikucheka uwe na sikio la mulima. Na siku moja aje kwako punda mwingine wa mbao, mwenye maneno mengi kama mimi... umuguse mara moja tu, ujue. Hiyo njo matanga yangu. Sitaki ingine.

Nenda.

Nimesema nenda. Mbona bado... nani amewasha giza humu muchana? Mbona bado nasikia vidole kwenye kifundo changu? Ramla, wewe kichwa ngumu, moto inaondoka, utaniua mara mbili...

Ngoja.

Hivi vidole ni vigumu. Vina sugu. Hii ni sugu ya usukani wa mbao... Ridhwani? Ni wewe?

Ah. Basi ameenda.

Shika, mudogo wangu. Shika tu. Wewe hujui kupima... hata mimi. Mubaki salama. Mubarikiwe nyote, na baba mudogo naye... na mbavu zake...

Moto haisikiki tena. Alhamdulillahi.